Mgeni Asiyejulikana Katika Simu ya Mtoto



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu wa Arua, Koboko na kwingineko, leo naomba tuzungumze juu ya magemu ya simu. Sikusudii kuuliza kama ni halali au haramu. Masheikh wamelisema hilo na wataendelea kulisema. Nataka tuzungumze juu ya jina. Mtoto anapocheza na watu asiowaona, ajiite nani, na amwamini nani?

Watoto ninaowasomesha wanapenda zaidi Free Fire, gemu iliyotoka mwaka 2017 na inayokubali hata simu ya bei ndogo. Wanaingia kikosi cha watu wanne na wanazungumza kwa sauti huku wanacheza. Mmoja yuko Oli hapa Arua, wa pili Kampala, wa tatu Kongo, wa nne hajulikani aliko. Huyo wa nne anaweza kuwa mtoto wa miaka 11, na anaweza kuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Miezi michache iliyopita mama mmoja wa Koboko alinipigia simu jioni, analia. Kuna mtu alimpigia, akamtaja kwa majina yake yote mawili, akamtaja na mwanawe, akasema mtoto amegongwa na bodaboda na zinatakiwa shilingi 150,000 za hospitali haraka. Wakati ule mtoto mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu anasoma Suratul Mulk! Pesa zilisalimika, alhamdulillahi.

Tulimuuliza mtoto kwa upole, naye akaeleza. Rafiki wa kwenye gemu alimwahidi almasi za bure, akaomba namba ya WhatsApp. Namba ni ya mama. Na sote tunajua kwamba ukianza kumtumia mtu pesa kwa simu, jina la mwenye namba linatokea kabla hujathibitisha. Basi kutoa namba ni kutoa jina. Jina lake mwenyewe, na saa anazokwenda madrasa, mtoto alikuwa amekwisha kuyasema kwa kinywa chake, kati ya mchezo mmoja na mwingine.

Miji yetu ni midogo, ndugu zangu. Mtoto wa London akisema jina lake la kwanza tu, bado amejificha katika mamilioni ya watu. Mtoto wa Koboko akisema jina, akataja shule, na akasikika anaongea Kikakwa na mwenzake, mwendesha bodaboda yeyote atakufikisha mlangoni kwao.

Wapo wanaosema dawa ni kila mchezaji alazimishwe kutumia jina lake la kweli, ili waovu waone haya. Jambo hilo lilikaribia kufanyika. Julai 2010 kampuni ya Blizzard ya Marekani, wenye gemu ya World of Warcraft, ilitangaza kwamba wanaoandika katika mabaraza yake watajulikana kwa majina yao ya kweli, ili matusi yapungue. Mfanyakazi wake mmoja akalitoa jina lake kuonyesha kwamba hakuna hatari. Haukupita muda, watu wakachimbua habari zake za binafsi na kuzitandaza. Baada ya siku chache kampuni ikauacha mpango huo. Na mwaka uliofuata, Aprili 2011, wezi waliingia katika mtandao wa PlayStation, wakafikia habari za akaunti zipatazo milioni 77, yakiwemo majina, anwani na tarehe za kuzaliwa. Kwa hiyo jina la kweli halimzuii mwovu, na hata kampuni kubwa inaweza kuibiwa ulichoipa.

Kwa hiyo mimi nasema mtoto ajiite kwa lakabu. Si uongo, na wala si jambo geni kwetu. Abu Hurayra (R.A.), aliyepokea hadithi nyingi kuliko sahaba yeyote, tunamjua kwa kunya yake, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya jina lake hasa. Hakuna anayemshuku kwa sababu hiyo, maana watu walimjua mwenendo wake, walimu wake na wanafunzi wake.

Lakini elimu hiyo hiyo ya hadithi inatufundisha upande wa pili. Mpokezi asiyejulikana huitwa majhul, na khabari yake haitegemewi mpaka hali yake ijulikane. Wanazuoni hawakumtukana majhul wala hawakumwita mwongo. Walisimama tu, wasijenge hukumu juu ya maneno yake. Hivi ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu sasa. Mchezaji usiyemjua ni majhul. Cheza naye kwa adabu, usimtukane, lakini akikwambia ana almasi za bure, akikuomba namba, picha au neno la siri, simama hapo.

Baada ya tukio lile, baba mmoja alipendekeza walimu tukusanye simu zote kila Ijumaa na tusome mazungumzo ya watoto. Namheshimu sana mzee huyo, na hofu yake ni ya kweli. Hata hivyo sikukubaliana naye. Suratul Hujurat inakataza kupelelezana, na Suratun Nur inawafundisha hata watoto kubisha hodi kwa wazazi wao nyakati tatu za faragha. Tutamfundishaje mtoto kuheshimu sitara ya wengine ilhali yake tunaivunja kwa siri? Tena haifai hata kwa hesabu ya dunia. Free Fire inaruhusu kuingia kama mgeni bila jina wala namba, na mtoto anayepelelezwa atafungua akaunti ya pili ambayo wewe mzazi hutaijua kamwe.

Ulinzi wa wazi ni jambo jingine, nao ni wajibu wetu. Mtoto mdogo achezee sebuleni, sauti isikike. Neno la siri liwe kwa mzazi, na mtoto ajue hivyo. Jina la gemu lisiwe na jina la ukoo, shule wala mwaka wa kuzaliwa, na picha ya sare ya shule isiwekwe. Namba ya simu yenye pesa za familia isitolewe kwa yeyote. Kijana aliyekwisha kubaleghe tukae naye, tukubaliane mipaka, naye ajue kwamba akikosea akaja kutuambia hatapigwa.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za binafsi inataka ridhaa ya mzazi kabla habari za mtoto hazijakusanywa. Ni sheria nzuri, lakini haikai na mtoto usiku anapocheza.

Yule mtoto bado anacheza, na mama yake ameridhia. Juzi aliniambia mtu mpya katika kikosi chake alimuuliza anakaa wapi. Nikamuuliza, "Ukamjibu nini?" Akasema, "Mwalimu, nilimwambia mimi ni majhul."

Wabillahi tawfiq. Tukutane toleo lijalo, inshaallah.