Nilimfuata Mke Wangu Sumbawanga

Mpenzi msomaji, hebu jiulize kwanza: mumeo akipangiwa kazi Sumbawanga, utamfuata? Wengi mtajibu ndiyo, hata kama ni kwa kununa. Haya, sasa geuza. Mkeo akipangiwa kazi Sumbawanga, je? Hapo ndipo sisi wanaume tunapoanza kukohoa.

Mke wangu ni daktari. Mwaka 2023 ajira ya serikali aliyokuwa anaisubiri kwa hamu ikatoka, na kituo chake kikawa mkoa wa Rukwa. Ndoa yetu ilikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, tumepanga Sinza, mtoto bado. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea. Natunza hesabu za biashara ndogondogo za Dar es Salaam: maduka ya dawa, gereji, saluni, kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Tangu kipindi cha korona wateja wangu wengi walishazoea kunitumia risiti kwa simu, nami nawarudishia hesabu kwa barua pepe. Kwa hiyo kazi yangu inabebeka begani. Yake haibebeki. Mgonjwa hashonwi kidonda kwa bando.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ile ya watumishi wengi wa umma: kila mtu na mji wake, ndoa inaendeshwa kwa simu, mnaonana Pasaka na Krismasi, huku mmoja anaandika barua za kuomba uhamisho miaka nenda, miaka rudi. Rafiki yangu mmoja ameishi hivyo miaka sita. Siku aliyokwenda likizo, mwanae alimwamkia halafu akaenda kumuuliza mama yake mgeni ataondoka lini. Njia ya pili ilikuwa mimi kufunga virago. Nikafunga.

MANENO YA WATU

Kha! Maneno niliyoyasikia wiki hizo. Washkaji kijiweni walisema nimeolewa. Mama yangu mzazi, ambaye simlaumu kwa sababu ndivyo alivyolelewa, alinikalisha chini akaniambia: "Mwanangu, mwanamume huoa, haolewi. Utakula vya mkeo mpaka lini?" Nikamjibu, "Mama, nitakula vyangu, ila nitavilia Sumbawanga." Hakucheka.

Wengine walileta zile hadithi za radi na ndumba. Si unajua tena, ukitaja Sumbawanga mbele ya mtu wa Dar lazima akuulize kama umejikinga. Wenyeji wenyewe wanakwambia jina la mji ni maneno ya Kifipa, "sumba wanga", yaani tupa uchawi. Ukifika na uchawi wako, uache huko huko njiani. Nimeupenda ukaribisho huo. Mji wetu mkubwa haumwambii mgeni atupe chochote.

Kuhusu radi, sitawadanganya, ipo. Nchi ni ya juu na ya wazi, na kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua inakuja na ngurumo za kutetemesha bati. Ila dawa yake ni rahisi. Wingu likijikunja upande wa milimani, nachomoa kila kitu ukutani, kuanzia kompyuta mpaka chaja ya simu. Mpaka leo haijaungua hata waya.

BARIDI NA MAHARAGE

Kutoka Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 1,100. Unapita Mikumi, Iringa, Mbeya, unafika Tunduma mpakani na Zambia, halafu unakata kulia kama kilomita 220 hivi. Wazee wa huku wanakumbuka enzi kipande hicho kilipokuwa tope tupu wakati wa masika, lori linalala njiani. Lami yake ilijengwa kwa fedha za msaada wa Marekani, kwa mkataba uliosainiwa mwaka 2008. Bila lami ile, sidhani kama mimi na mafaili yangu tungefika salama.

Uwanda wa Ufipa umekaa katikati ya maziwa mawili: Tanganyika magharibi, Rukwa mashariki. Mji wenyewe upo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya Milima ya Mbizi. Maana yake? Baridi, ndugu yangu! Mtu akikwambia Tanzania ni nchi ya joto, mlete huku Juni au Julai saa kumi na moja alfajiri. Feni tuliliuza Sinza, hela yake ikaingia kwenye blanketi mbili nzito, na sijawahi kuona biashara nzuri kama ile. Angalizo moja kutoka kwa mke wangu daktari: jiko la mkaa usilale nalo chumbani hata kama meno yanagongana. Hewa yake inaua kimya kimya.

Chakula ndicho kilichotuliza roho. Rukwa ni ghala la mahindi. Maharage ni mabichi, matamu, na hayana yale mawe ya kuvunja jino. Migebuka inapanda kutoka Ziwa Tanganyika. Ugali wa ulezi, ule mweusi, mwanzoni niliuogopa kidogo kwa rangi yake. Sasa ukinipa sembe nyeupe naona kama nimekula hewa. Na kwa kodi tuliyokuwa tunalipia chumba na sebule Sinza, hapa Katandala tumepata nyumba yenye uwanja, mparachichi, na chumba kimoja ambacho nimekifanya ofisi.

OFISI YENYEWE

Intaneti huku ipo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Sumbawanga, na mitandao ya simu inashika vizuri mjini. Ila asikudanganye mtu kwamba unaweza kutegemea njia moja. Mimi nina laini mbili za makampuni tofauti, maana moja ikilala nyingine inaamka. Umeme nao una historia yake. Kwa miaka mingi mji huu ulitumia umeme ulionunuliwa Zambia, kwa sababu Gridi ya Taifa haikufika huku. Nikanunua betri kubwa na sola ya kuichaji. Kwa siku isiyo na umeme inatosha kompyuta, taa na simu.

Jaribio lenyewe lilikuja Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, na Tanzania nzima ikayumba pamoja na nchi kadhaa jirani. Ninyi mnaoshughulika na kodi mnajua: tarehe 20 ni siku ya ritani za VAT. Ukichelewa, faini. Nilikuwa na ritani saba za wateja, na ukurasa mmoja unachukua nusu saa kufunguka. Wateja wananipigia: "Bwana, si uje tu Dar?" Kama vile Dar walikuwa na bahari nyingine.

Nikaanza kuamka saa tisa usiku, watu wamelala, mtandao umepungua msongamano. Usiku wa tatu mke wangu alirudi kutoka zamu akanikuta nimejifunika blanketi mbele ya kompyuta. Hakuuliza kitu. Akachemsha chai ya tangawizi, akakaa pembeni, akawa ananisomea namba za risiti moja baada ya nyingine, na macho yake yamejaa usingizi. Ritani zote saba zikaondoka kabla ya tarehe 20. Wapenzi, maua ya Februari 14 ni mazuri, lakini mimi usiku ule nilipendwa kwa namba za risiti.

MUME WA DOKTA

Sasa tuje kwenye lililokuwa gumu kuliko baridi na mtandao. Mtaani sikuwa na jina. Nilikuwa "mume wa Dokta". Asubuhi wanaume wenzangu wanatoka, huyu shambani, huyu sokoni, huyu bodaboda. Mimi naonekana nimevaa sweta, natoka chumba hiki naingia kile. Muuza duka alikuwa ananiuliza kwa upole kabisa, "Vipi shemeji, bado hujapata kitu?" Mama mwenye nyumba alinionea huruma zaidi. Msimu wa mavuno aliniita: "Mwanangu, kuna kibarua cha kupukuchua mahindi Jumamosi. Usione haya, kazi ni kazi."

Nilikwenda. Siku nzima tumekaa kwenye turubai, mahindi yamerundikwa kama mlima, vidole vinawaka moto. Baba mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, akaniuliza moja kwa moja: "Kijana wangu, hivi hasa wewe unafanya nini mle ndani?" Nikatoa simu, nikamwonyesha vitabu vya hesabu vya gereji iliyopo Dar. Aliangalia muda mrefu. "Kumbe wewe ni karani! Na hao watu hawakuoni?" "Hawanioni, mzee." "Na wanakulipa?" "Wanalipa." Akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akanisimulia hadithi ya Milansi, kijiji cha kale ambacho Wafipa wanakihesabu kuwa chimbuko la ufalme wao. Mfalme alikwenda mawindoni, akamwachia mkewe onyo asimpe mgeni yeyote kigoda cha enzi. Wakaja wanawake wageni kutoka mbali. Mke wa mfalme akawapa kigoda, wakakalia. Mfalme aliporudi, utawala umeshahama. Hawakupigana, wakagawana. Wageni wakachukua nchi, mwenyewe akabaki na Milansi na heshima ya mambo ya mizimu. "Sasa wewe," mzee akaniambia huku anapukuchua, "unashangaa nini kuletwa na mwanamke? Nchi hii yote ilishikwa na wanawake waliokuja kwa miguu."

Jumatatu yake alikuja na daftari la kikundi chao cha kuweka na kukopa. Hesabu zilikuwa zimegoma miezi mitatu. Tangu hapo kila Jumapili jioni nakaa nao saa moja. Wapo wanaoniita Mhasibu sasa. Wengine bado wananiita mume wa Dokta, naitika vizuri tu, maana ni kweli.

"WEWE SI UPO TU NYUMBANI?"

Nisije nikawapamba sana. Ndoa ilitikisika. Ile sentensi hapo juu ilisemwa Julai 2024, na mtu aliyekuwa ametoka zamu ndefu, amekuta sufuria tupu. Mimi nilikuwa nimeshinda kwenye simu namsihi mteja asiondoke. Wateja wawili walikuwa wameshaondoka, wanasema wanataka mtu wanayemwona uso. Kipato changu kimeshuka, chake kipo palepale kila mwezi. Maneno yale yaligusa pale pale mama yangu alipokuwa ameshaweka kidole.

Tulikaa siku mbili tunasalimiana kama wapangaji. Siku ya tatu tukazungumza, kwa sauti ya chini, na tukaweka mambo matatu. Kwanza, nikivaa viatu nipo ofisini, hata kama ofisi ni hatua nne kutoka jikoni. Nikivaa kandambili, nipo nyumbani. Unaweza kucheka, lakini alama hiyo imetuokoa. Pili, kodi ya nyumba inatoka mfukoni kwangu, na chakula mfukoni kwake, kila mmoja ajue bega lake limebeba nini. Tatu, kila baada ya miaka miwili tunakaa mezani upya kuulizana kama bado tunataka kuishi hivi. Hakuna aliyehukumiwa maisha.

Na tukaongeza la nne ambalo halikuandikwa: angalau mara moja kwa msimu tunatoka. Tumekwenda kuona maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Pale hakuna dokta wala mhasibu. Kuna watu wawili wamelowa.

KAMA MNAFIKIRIA KUHAMA

Kama nyie ni wawili na mmoja kazi yake inabebeka, nawashauri haya. Zungumzeni na wateja au bosi kabla ya kuagana, na muwe na akiba ya miezi sita. Nendeni mkaujue mji kwanza, hata wiki moja, muulize umeme na mtandao mtaa kwa mtaa. Tafuteni watu mapema, kikundi, kwaya au timu ya mpira, maana anayefanya kazi nyumbani ndiye anayezeeka kwa upweke. Na msiache heshima ya mmoja iwe inategemea mshahara wa mwingine.

Miaka yetu miwili ya kwanza ilishapita. Tulikaa mezani kama tulivyoahidiana. Yeye anataka kurudi shule akasomee ubingwa, na hilo huenda likaturudisha Dar. Mimi, ambaye niliambiwa nimeolewa, ndiye niliyeuliza: "Na mparachichi wetu tutamwachia nani?" Jibu bado hatuna. Ila swali tunaliuliza tukiwa chini ya paa moja, na mimi kwangu hilo ndilo nililolifuata Sumbawanga.