Kila Mhimili na Kipimo Chake

Kila ndege huruka kwa ubawa wake, ndivyo walivyonena wahenga. Wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki waliizingatia hekima hiyo kabla tarakilishi haijafikiriwa. Nafaka waliipima kwa pishi na kibaba, pembe za ndovu kwa frasila, nguo kwa dhiraa, na mabaharia wakapima kina cha maji kwa pima. Hapana aliyeuza kaniki kwa kibaba. Kila kitu kilikuwa na kipimo chake, na soko zima lilikielewa.

Mwandishi wa programu za tarakilishi hukumbana na suala lilo hilo anapotaka kuchora chati ya rada. Chati hii, ambayo wengine huifananisha na utando wa buibui, si ngeni: mtakwimu Mjerumani Georg von Mayr alichapisha mchoro wa aina hiyo mwaka wa 1877. Kutoka kitovu kimoja hutokea mihimili kadhaa mithili ya miale ya jua. Kila mhimili hubeba sifa moja, na alama zilizotiwa juu ya mihimili huunganishwa kwa mistari hadi umbo likafungika. Uzuri wake ni kwamba jicho huziona sifa nyingi kwa mtazamo mmoja. Hatari yake imo mumo humo.

Maziwa mawili ya kanda hii yanatosha kuwa mfano. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, kina kisichozidi sana mita 80, maji ya takriban kilomita za ujazo 2,700, na mwinuko wa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika lina eneo la takriban kilomita za mraba 32,900, kina cha mita 1,470, maji ya kilomita za ujazo 18,900, na mwinuko wa mita 773 hivi. Iwapo mihimili yote minne itapewa skeli moja inayofika 70,000, kina cha Tanganyika kitachukua asilimia 2 tu ya mhimili wake. Ziwa ambalo ulimwenguni hupitwa na Baikal pekee kwa kina litaonekana kama dimbwi.

Ndiposa kila mhimili hupewa mipaka yake: eneo kutoka 0 hadi 70,000, kina kutoka 0 hadi 1,500, ujazo kutoka 0 hadi 20,000, na mwinuko kutoka 0 hadi 1,200. Programu hutoa mpaka wa chini kwenye thamani, kisha hugawa jibu kwa tofauti ya mipaka miwili. Kila sifa huwa uwiano ulio kati ya 0 na 1. Victoria hupata 0.98 kwa eneo na 0.05 kwa kina. Tanganyika hupata 0.47 kwa eneo na 0.98 kwa kina. Sasa jicho linaona ukweli: moja ni pana, jingine ni refu kwenda chini.

Matplotlib, maktaba ya lugha ya Python iliyotolewa na John D. Hunter mwaka wa 2003, huupa mchoro wa duara skeli moja tu ya kupimia umbali kutoka kitovuni. Kwa hivyo mwandishi huipa ule uwiano, kisha yeye mwenyewe huandika kando ya kila mhimili tarakimu halisi: mita pahali pa mita, kilomita za mraba pahali pake. Aidha, hana budi kuirudia nukta ya kwanza mwishoni mwa orodha, la sivyo utando utabaki wazi.

Hata hivyo, kazi haiishii hapo. Mhimili wa mwinuko ukianzishwa kwenye 700 badala ya 0, Tanganyika huporomoka kutoka 0.64 hadi 0.15, ilhali hakuna tone la maji lililosogea. Mpangilio nao una hila yake. Eneo na mwinuko zikiwa jirani, umbo la Victoria huwa nene. Kina kikipachikwa kati yazo na ujazo ukahamishiwa upande wa pili, umbo hilo hubakiwa na takriban thuluthi moja ya ukubwa wake. Tarakimu ni zile zile, lakini hukumu ya jicho imegeuka.

Ziwa halina cha kupoteza kwa hukumu hiyo. Binadamu anacho. Mihimili ikiwa ni zahanati, barabara na walimu wa kaunti mbili, umbo litakalovimba litasifiwa, na litakalosinyaa litalaumiwa au litanyimwa fungu lake. Aliyechagua mipaka ya mihimili ameshaamua nusu ya kesi kabla ya wenye kesi kufika.

Muuzaji wa pishi pungufu hujulikana pale mnunuzi anapopima upya nyumbani. Msomaji wa chati hana pishi nyingine ila tarakimu zilizoandikwa kando ya mihimili. Kumnyima hizo ni kumuuzia gunia lililoshonwa mdomo.