Nilimsingizia Mguu Wake

Ubao ule ulipendeza mno, na uzuri huo ndio ulioniponza. Mteja alitaka ubao wa futi saba na ushei wa kupandia mawimbi ya majira ya baridi ya Ocean Beach, San Francisco: makubwa, ya kasi, yasiyomsubiri mtu. Nikachukua kiolezo nilichokipenda, chenye nyonga pana. Sehemu pana kuliko zote ikaangukia inchi tatu nyuma ya katikati, upande wa mkia.

Umbo hilo lina heshima yake. Mchongaji Dale Velzy alilipa umaarufu California katikati ya miaka ya 1950. Alirudisha upana nyuma, akaibana pua, na ubao ukaanza kugeuka kwa wepesi kwenye mawimbi ya Malibu. Mguu wa nyuma hukaa karibu na sehemu pana, na ukingo wa huko umepinda zaidi, basi ukikanyaga, ubao unazunguka papo hapo. Wimbi likiwa la kimo cha kifua, ni raha tupu.

Wimbi likikuzidi kimo mara mbili, wepesi huo ni balaa. Mbao za mawimbi makubwa, kama alizochonga Dick Brewer kule Hawaii, upana huwekwa mbele. Kifua kinabebwa, mikono ikipiga maji ubao unashika mwendo mapema. Kutoka hapo ukingo unashuka mrefu, karibu umenyooka, hadi kwenye mkia mwembamba unaozama na kung'ang'ania ukuta wa maji. Haya niliyajua. Nilikuwa hata nikiwafundisha wengine.

Kijana akarudi na malalamiko: analikosa wimbi kwa kuchelewa, na akilipata, mkia unamponyoka kwenye kasi. Nikamwambia mguu wake wa nyuma ni mzito. Tena nikamuuzia mapezi makubwa zaidi! Msimu mzima akahangaika kurekebisha kosa lisilo lake, huku akibwagwa.

Alipouleta ubao nizibe ufa, nikashindwa kuendelea kumdanganya. Nikamweleza, nikamrudishia pesa za mapezi, nikaahidi kumchongea mwingine bure.

“Kwa hiyo mguu wangu hauna neno?”

“Hauna neno.”

Kwenye ubao wa pili upana ulikaa inchi mbili mbele ya katikati. Wa kwanza hakuutupa. Kiangazi huupeleka ufukweni Linda Mar, kwenye mawimbi madogo, na anasema unageuka vizuri kuliko huo mpya.