Mwacheni Alifikie

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 tunasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa bado pamoja nao. Hawakuhitaji maneno mengi, kwa kuwa kazi ya mikono yake ilikuwa miilini mwao. Tumeirudia habari hiyo mara nyingi tangu bibi yetu alipolala, nasi tumejiuliza: mwalimu akifa, wanafunzi wake wataonyesha nini? Chaki hufutika jioni ileile. Aliyefundishwa kusoma husahau hata siku alipoijua herufi ya kwanza.

Bibi alifundisha shule za msingi za Kyela kwa zaidi ya miaka thelathini, mingi kati ya hiyo katika vijiji vya upande wa Matema, pale Milima ya Livingstone inaposhuka mpaka ziwani. Watu wa huko walimwita Mwalimu, na hata wazee waliomzidi umri walimwita hivyo.

Alipenda kutukumbusha kwamba kwetu Injili na kusoma vilikuja pamoja. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika upande huu wa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Mwaka huohuo Wamoravian walianza kazi Rungwe, na mtu wa kwanza kubatizwa nao huko, mwaka 1897, alikuwa mwanamke, Fiambarema Numwagile. "Mwanamke ndiye aliyetangulia," Bibi alikuwa akisema, "basi asiniambie mtu kwamba binti abaki nyumbani." Maneno hayo aliyaishi. Mpunga ulipoanza kukomaa na mabinti wakazuiwa shambani kufukuza ndege, hakwenda kugombana na wazazi. Aliingia shambani baada ya masomo, akafukuza ndege pamoja na mama wa mtoto mpaka jua likazama, ndipo akasema, "Nipe mwanangu kesho asubuhi." Ni wachache waliomnyima.

Mwaka 1970 ulitangazwa na Serikali kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi 39. Hizo ni hesabu za taifa zima, lakini sisi tunamjua mmoja aliyehesabiwa humo, naye ni rafiki wa Bibi.

Alikuwa Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi wa vyungu. Kila Jumamosi alivuka kwa mtumbwi na vyungu vyake mpaka soko la Lyulilo. Mumewe alikuwa migodini Zambia, na barua zake zilisomwa na yeyote aliyepatikana sokoni, hivyo siri za nyumba yake zilijulikana kabla yeye hajafika kwake. Siku moja alimfuata Bibi, akamwambia, "Mwalimu, nataka nisome barua ya mume wangu peke yangu." Hakuweza kuhudhuria madarasa ya ngumbaru ya jioni, kwa sababu aliishi mbali. Basi Bibi akawa anamfundisha Jumamosi, soko likiisha, wakiwa wamekaa mchangani karibu na mtumbwi. Herufi ziliandikwa kwa kidole. Alipofika nyumbani alizirudia kwa kijiti juu ya udongo mbichi wa chungu, akazifuta kwa kiganja, akaanza tena. Ilimchukua muda mrefu. Siku aliposoma barua nzima bila msaada hakumwambia mtu yaliyoandikwa humo, hata Bibi hakumwuliza. Alileta tu chungu kikubwa, ambacho mpaka leo tunahifadhia maji.

Sisi wajukuu tulimjua Mwalimu jioni, baada ya wali na usipa. Kila mmoja alisoma mstari wake wa Biblia kwa zamu, mkubwa kwa mdogo. Mdogo alipokwama tulitaka kumtajia neno ili tumalize, tukalale. Bibi alituzuia. "Mwacheni alifikie," alisema. "Ukimtajia, neno linabaki lako. Akilifikia mwenyewe, ni lake." Taa ya chemli iliwaka, tukangoja.

Kisha macho yake mwenyewe yakaanza kufifia. Ilikuwa presha ya macho, na ilipogundulika hakukuwa na la kufanya. Tulizoea kumwona mwenye imani, lakini wakati huo alinyamaza. Alipoombwa kuomba kwa sauti alikataa. Usiku mmoja alituambia, "Mungu amechukua kile nilichomtumikia nacho. Sijui ananitaka nini tena." Hatukuwa na jibu. Tulimwekea Biblia ya kusikiliza katika simu, akashukuru, lakini baada ya siku chache akaomba izimwe.

Aliyekuja ni rafiki yake kutoka Ikombe, naye sasa mwanamke mzee mwenye miwani. Hakuleta faraja ya maneno. Aliketi mkekani, akafungua Zaburi, akaanza kusoma polepole, kidole chini ya mstari. Katikati alikwama kwenye neno. Mmoja wetu akafungua kinywa kumsaidia, na Bibi, bila kuona, akainua mkono: "Mwacheni alifikie." Tukangoja. Akalifikia. Bibi akamsahihisha matamshi kidogo, kama zamani, na wote wawili wakacheka.

Tangu hapo kila Jumamosi alikuja, soko likiisha. Hatuwezi kusema kwamba Bibi aliacha kumwuliza Mungu kwa nini. Aliendelea kuuliza mpaka mwisho. Ila alianza kuomba tena kwa sauti, na wakati mwingine swali lenyewe ndilo lilikuwa sala. Nasi tulielewa kile ambacho wanafunzi wa mwalimu wanaweza kukionyesha, kama wale wajane wa Yafa. Neno alilolipanda mchangani miaka hamsini iliyopita lilirudi kumlisha alipokuwa hana uwezo wa kulisoma.

Wapendwa, katika kila usharika yupo aliyetufundisha naye sasa haoni, au hasikii vizuri, au hawezi tena kufika ibadani. Tusimpelekee hotuba. Tumpelekee kile alichotufundisha, tukifanye mbele yake.

Wiki mbili baada ya mazishi, rafiki yake alitujia na Biblia yake katika kitambaa. Aliuliza, "Wanangu, Jumamosi nitamsomea nani sasa?" Tulimtandikia mkeka. Sasa anakuja kama kawaida, na mtoto wetu wa darasa la pili huketi kando yake. Husoma kwa zamu, na sisi tunangoja.