Kitabu cha usiku

Watu wengine husema: kwetu Kongo nyumba za wazee ni za nini, maana kila mzee ana watoto? Mimi nilifanya kazi miaka minne katika nyumba moja ya namna hiyo, upande wa mashariki, nami nawajua waliolala mle. Wengine watoto wao walikufa katika vita vya 1996 na vya 1998. Wengine watoto wao walikuwa hai, tena karibu, lakini waliwafukuza wakisema ni wachawi.

Wageni walipofika walitusifu. Uwanja umefagiwa, mashuka meupe, uji tayari. Ni kweli, asubuhi tulikuwa watumishi wanane. Lakini usiku alibaki mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mimi.

Basi tufanye hesabu. Wazee kumi na mmoja hawakuweza kujigeuza kitandani. Mtu asiyejigeuza, damu haipiti vizuri pale anapolalia, nyama inakufa, kidonda kinaanza. Kwa hiyo tulifundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi. Kumgeuza bila kumburuta kwataka watu wawili na dakika kumi. Kumi na mmoja mara dakika kumi: saa mbili karibu zimekwisha, yafaa kuanza tena. Na anayeomba maji? Na anayetaka kwenda chooni? Na yule mama aliyeamka kila usiku kutafuta mbuzi zake?

Kulikuwa na kitabu cha kutia alama. Mkubwa wa nyumba alikitazama ofisini kila asubuhi. Kama alama zote zipo, alifurahi. Hakuwa mtu mbaya. Alihangaika na mafaranga, hata mishahara yetu ilichelewa miezi miwili mitatu. Lakini usiku hakuingia mle hata mara moja. Nami nilifanyaje? Saa moja ya jioni nilikaa na kalamu, nikatia alama za usiku mzima, hata za alfajiri. Ndivyo nilivyomkuta aliyenitangulia akifanya.

Palikuwa na mzee aliyefanya kazi zamani katika reli ya Kalemie na Kabalo. Usiku mmoja aliniita. Nilisikia. Nikasema moyoni, ataita tena. Hakuita. Asubuhi wenzangu walipomwosha waliona kidonda chini ya mgongo, cheusi, chenye harufu. Si usiku ule peke yake uliokifanya. Kitabuni alikuwa amegeuzwa mara tano kila usiku.

Baada ya miezi michache alikuja Sista mwingine kuongoza. Usiku wake wa kwanza alivaa aproni, akafanya zamu pamoja nami. Karibu saa nane aliketi, akashika kiuno, akaniuliza:

— Mwanangu, siku zote nani anainua pamoja nawe?

— Hakuna mtu, Mama Sista.

Kesho yake aliwatoa wawili katika kazi ya asubuhi, akawatia zamu ya usiku. Kitabu alikiondoa ofisini, akatundika karatasi kwenye kila kitanda, aliyegeuza atie alama palepale. Tangu hapo wageni walikuta majani uwanjani. Mishahara iliendelea kuchelewa, hilo hakuliweza.

Baadaye nilisoma habari za Jeanne Jugan, yule Mfaransa aliyeanzisha Masista Wadogo wa Maskini, ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Mwaka 1839 alimpokea mama mzee kipofu, akampa kitanda chake mwenyewe. Mwaka 1843 padri mmoja alimwondoa katika ukubwa; alipokufa 1879, masista wengi vijana hawakujua kwamba ndiye aliyeanza. Watu hushangaa unyenyekevu wake. Mimi nilikifikiria kile kitanda tu.

Mzee wa reli aliishi miezi saba tena. Kidonda hakikufunga kabisa. Siku moja nilimwambia habari ya kitabu, nikamwomba msamaha. Akacheka kidogo.

— Hata sisi kule relini tuliandika kwamba tumeikagua njia.

Kisha akaniomba nimwite mwenzangu, tumgeuze upande wa dirisha.