Mikoko ya Gazi, Mafunjo ya Malaba

Nimezaliwa Malaba, mpakani, ambako bahari tunaijua kwa malori ya makontena yanayotoka Mombasa. Kwa hiyo mhadhiri aliposimulia kazi ya Dkt. James Kairo, mwanaikolojia wa bahari wa taasisi ya KMFRI, nilidhani hayanihusu.

Katika ghuba ya Gazi, Kwale, mikoko ilikatwa sana miaka ya 1970 iwe kuni za viwandani. Miaka ya 1990 Kairo na wanakijiji wakaanza kuipanda upya. Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja hutunza hekta 117 na kupata fedha kwa biashara ya hewa ya kaboni. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule.

Hapo nikamkumbuka baba. Alifyeka mafunjo kando ya mto Malaba akalima mpunga, na mpunga huo ndio ulionilipia karo. Mafunjo huchuja maji na kupunguza mafuriko, jinsi mikoko inavyokinga ufuo. Lakini Gazi mti uliosimama una faida inayoonekana. Kwetu mafunjo yaliyosimama hayalipi karo.

Likizo hii nitakaa na baba tuzungumze. Siwezi kumwambia aache kabla hatujajua tutakula nini.