Dola Saba na Senti Ishirini

Mnamo mwaka 1945 kampuni ndogo ya senema iitwayo Monogram ilitoa filamu ya dakika 70 kuhusu John Dillinger, mwizi wa mabenki aliyeitikisa Marekani ya kati kwa miezi kumi na minne tu, tangu Mei 1933 alipotoka gerezani hadi Julai 1934 alipouawa. Filamu ilipewa jina lake, Dillinger, bila ya nyongeza yoyote. Ni kazi ya kimaskini: vyumba vyake ni vichache, kuta zake ni tupu, na mara nyingi giza ndilo lililobeba kazi ya fundi wa mapambo. Hata hivyo ina mwanzo ambao filamu zilizoifuata, zenye fedha nyingi na majina makubwa, hazikuwa nao.

Tumo ndani ya ukumbi wa senema. Picha za habari zinazosimulia vituko vya jambazi huyo zimekwisha, na mzee mmoja, mkulima kwa sura na mavazi, anapanda jukwaani kuzungumza na watazamaji. Huyo ni baba. Anawaambia kwamba utoto wa mwanawe ulikuwa wa kawaida tu, kama wa watoto wengine. Kwamba kijana alikuwa na tamaa ya kujitafutia njia yake. Kwamba aliondoka shambani akaenda mjini Indianapolis. Sauti yake si ya kulalamika wala si ya kujitetea. Kisha kisa kinaanza, naye mzee anaachwa nyuma. Huo ni muda mfupi sana, lakini mtazamaji aliyemsikia vizuri hawezi tena kuitazama filamu yote iliyobaki kama kisa cha bastola na motokaa. Kuna mtu aliyesimama mbele ya umma, akieleza alivyozaliwa mtu ambaye umma huo umekuja kumtazama akifa.

Kwa nini kisa kikubwa namna hiyo kikaangukia mikononi mwa kampuni ndogo namna ile, hilo lina sababu yake. Dillinger alizuka katika kilele cha mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Maelfu ya mabenki yalifunga milango, na benki ilipofunga mlango akiba ya mja ilipotelea ndani. Wakulima walinyang'anywa mashamba kwa deni. Kiasi cha mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Katika hali hiyo, mtu aliyeruka kaunta ya benki na bunduki mkononi hakuonekana na kila mtu kuwa adui. Wakubwa wa Hollywood walilifahamu hilo, wakaogopa. Mwaka 1934, hata kabla ya jambazi huyo kuuawa, Will Hays, aliyekuwa mkuu wa chama cha makampuni makubwa ya senema, alipiga marufuku kwa wanachama wake kutengeneza filamu yoyote juu ya maisha ya Dillinger. Makampuni makubwa yakatii kwa miaka kumi. Mlango ukabaki wazi kwa wale ambao hawakualikwa kwenye karamu.

Nao walikuwa watu wa ajabu kidogo. Watayarishaji walikuwa ndugu wawili, Maurice na Frank King, ambao kabla ya senema walifanya biashara ya mashine za kamari. Mwongozaji, Max Nosseck, alikuwa mkimbizi aliyeihama Ujerumani ya Manazi. Muziki ulitungwa na Dimitri Tiomkin, mzaliwa wa Dola ya Urusi. Mwandishi wa mchezo, Philip Yordan, alikuwa kijana wa Chicago, mji uleule ambamo Dillinger alipigwa risasi. Na mchezo wake ukateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, heshima ambayo Monogram haikuizoea hata kidogo.

Umaskini wa filamu hii unaonekana zaidi pale unapotarajiwa kufichwa, yaani katika wizi wenyewe. Tukio kubwa kuliko yote, uvamizi unaofanywa kwa mabomu ya moshi na mvua ikinyesha, halikupigwa picha na Nosseck. Limechukuliwa kutoka filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1937, You Only Live Once, likakatwa na kuungwa humu. Mtazamaji asiyejua haoni kiungo. Anayejua huona mara moja kuwa mvua ile ni tajiri kuliko filamu iliyoizunguka. Filamu kuhusu mwizi imeazima wizi wake! Wapo wanaolitaja jambo hili kwa kejeli. Lakini wapenzi wa ushairi wana sababu ya kuwa wapole zaidi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoitia takhmisa tungo inayonasibishwa na Liyongo, aliziacha kauli za mtangulizi wake zikae mahali pake, naye akajenga mistari yake mbele ya kila ubeti, na hakuna aliyemwita mwizi. Tofauti ni kwamba takhmisa hutangaza ilichoazima na hujivunia kukiazima, ilhali Ndugu King walinyamaza. Katika suala la kuunga, hata hivyo, kazi imefanywa na mtu aliyejua kusikiliza: moshi wa Lang unaingia katika giza la Nosseck kama mtu anayeingia nyumba ya jirani bila ya kubisha.

Aliyeibeba filamu ni Lawrence Tierney, wakati huo kijana wa miaka 25 asiyejulikana na wengi. Uso wake haufunguki. Wachezaji wa majambazi waliomtangulia waliwapa watazamaji kitu cha kushika: mzaha, haiba, ama mama wa kumlilia. Tierney hatoi kitu. Mapema katika kisa, mtumishi wa mkahawa anaikataa hundi yake mbele ya mwanamke aliyetoka naye, naye anaificha fedheha hiyo kama mtu anayeweka fedha benki. Baadaye, akiwa na nguvu, anarudi kwa mtumishi yuleyule na kumlipa kwa bilauri iliyovunjwa. Hakuna hotuba. Hakuna hata ghadhabu. Ni deni tu limelipwa, na ubaridi wake unatisha kuliko risasi zote zinazofuata. Mtu aliyekwenda kumtafuta humo mtetezi wa maskini atatoka mikono mitupu, na hapo filamu ni ya kusifiwa, kwa kuwa Dillinger wa kweli aliiba kwa ajili yake na wenzake.

Katika mambo mengine ukweli umepindwa bila ya haya. Genge lake limepewa majina ya kubuni. Bastola ya mti imo, ile ambayo Dillinger alidai aliwatisha nayo walinzi akatoroka jela ya Crown Point mwezi Machi 1934. Na msomaji wa mwambao, akiiona ikichongwa, hawezi kutomkumbuka Liyongo na tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Lakini wanawake waliopita katika maisha yake wamekunjwa wakawa mmoja, muuza tiketi wa senema, ambaye ndiye pia anayefuatana naye hadi ukumbi wa Biograph usiku wa mwisho, amevaa nguo nyekundu. Wekundu huo inabidi usadikiwe tu, kwani filamu yenyewe ni ya nyeusi na nyeupe. Kwa hakika mwanamke aliyetoa habari kwa askari wa serikali alikuwa Ana Cumpănaș, mhamiaji kutoka Romania, aliyetumaini kwamba msaada wake ungemwokoa asirudishwe kwao. Sketi yake ilikuwa ya rangi ya machungwa. Taa za mlangoni ndizo zilizoifanya ionekane nyekundu. Mwaka 1936 alirudishwa Romania vilevile.

Sasa zile dola. Katika filamu, hundi inapokataliwa, kijana anatoka nje, anaingia duka la vyakula lililo karibu, anasingizia kuwa ana bastola ndani ya koti, na anapata dola 7 na senti 20. Ndio mwanzo wa uhalifu wake. Mwishoni, akiwa amelala uchochoroni kando ya Biograph, mifuko yake inapekuliwa: dola 7 na senti 20. Mshairi yeyote ataitambua hila hii, kwani ni kina cha mwanzo kilichorudishwa mwishoni ili ubeti ufunge. Inapendeza mno, na kwa sababu hiyohiyo inafaa kutiliwa shaka.

Maana kisa cha kweli hakikuwa na kina. Mwezi Septemba 1924, katika mji mdogo wa Mooresville, Indiana, Dillinger, kijana wa miaka 21, akiwa na mwenzake aliyemzidi umri, alimvizia mzee mwenye duka la vyakula aliyekuwa akijulikana na familia yake, akampiga kichwani kwa chuma kilichofungwa kitambaa. Hakukuwa na mkahawa, wala hundi, wala mwanamke wa kumwonea haya. Alikamatwa. Baba yake, mtu wa dini na wa kuheshimu sheria, akamshauri akiri kosa, akiamini kwamba mahakama ingemhurumia kijana aliyesema kweli. Hakumtafutia wakili. Hakimu akampa kifungo cha miaka 10 hadi 20. Yule mwenzake, aliyekuwa na wakili, alipata kifungo chepesi zaidi na akatoka kabla ya miaka miwili. Dillinger alikaa gerezani zaidi ya miaka minane, na humo ndimo alimokutana na mafundi wa kuiba mabenki, akasoma kwao kama mwanafunzi anavyosoma chuoni. Mwaka 1933 watu wa Mooresville walitia saini ombi la kutaka aachiliwe, na miongoni mwa saini hizo ilikuwamo ya yule mwenye duka aliyepigwa. Akaachiliwa, akafika nyumbani mama yake wa kambo amekwisha kukata roho.

Hayo yote hayamo katika filamu. Yumkini Yordan hakuyataka, yumkini kanuni za udhibiti za zama zile zisingeyaruhusu, kwani ziliharamisha kumfanya mtazamaji amwonee mhalifu huruma. Kijana aliyeharibiwa na hukumu nzito ni hatari zaidi kuliko kijana aliyeharibiwa na kiburi chake. Kwa hiyo ikawekwa hundi badala ya mahakama, na mtumishi wa mkahawa badala ya hakimu. Ni badiliko la busara kwa biashara, nalo limekipunguza kisa. Lakini baba wamemwacha jukwaani. Hapo ndipo filamu inapojisaliti kwa namna nzuri: imemsimamisha mbele ya watu yule mwenye neno zito kuliko wote, kisha ikampa maneno mepesi. Anayefahamu yaliyopita mahakamani mwaka 1924 husikia jambo jingine kabisa mzee anaposema kwamba mwanawe alikuwa mtoto wa kawaida. Husikia ushauri uliotolewa kwa nia njema.

Mwaka 2009 Michael Mann alitengeneza filamu yake, Public Enemies, kwa fedha takriban dola milioni 100, akamweka Johnny Depp, akapiga picha katika jela ileile ya Crown Point na mbele ya Biograph yenyewe. Kila kofia ni sahihi. Baba hana jukwaa humo, na Dillinger ni mzuri wa kutazamwa hata anapokufa. Ni filamu iliyopata kila kitu ila haja ya kumwuliza mtu aliyemlea.

Na jukwaa lile Yordan hakulibuni. Mzee John Wilson Dillinger alipanda kweli majukwaani baada ya mwanawe kuuawa, akazungumza na watu waliolipa kiingilio. Na mchumba wa mwanawe, Billie Frechette, alipomaliza kifungo chake cha miaka miwili kwa kumhifadhi, naye alizunguka nchi na jamaa wa marehemu katika maonyesho ya namna hiyo. Ni rahisi kuwalaumu. Ila ilikuwa miaka ya njaa, na umma ulikuwa umekwisha kujichukulia wake bila ya kulipa: usiku wa Julai 22, 1934 watu walichovya leso katika damu iliyomwagika uchochoroni, na maelfu wakapanga foleni kuutazama mwili katika chumba cha maiti. Baba aliuza maneno machache. Miezi mitatu tu kabla ya usiku huo, Aprili, mwanawe aliyesakwa na askari wa nchi nzima alifika shambani Mooresville na Billie, wakala pamoja na jamaa zake, akapigwa picha nje ya nyumba akitabasamu, ameishika bastola yake ya mti.

Mzee alifariki mwaka 1943, na kwa hiyo hakuiona filamu iliyomweka mbele ya pazia. Mwanawe alimzika katika makaburi ya Crown Hill, Indianapolis, na kwa kuchelea kuwa watu wangemfukua, alilifunika kaburi kwa zege na vipande vya chuma chakavu. Jiwe lililo juu limekwisha badilishwa zaidi ya mara moja, kwa sababu wageni hulimega, wakaondoka na vipande mfukoni.